Pakiti ya Mgongo

Asubuhi ile Wani aliinama kunyanyua jerikeni tupu, likamshinda. Tupu, jamani, halina hata tone. Alilishika mpini, akalitazama, akaliachia, kisha akaketi vumbini mlangoni pake kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Mkewe Suzan alikuwa akipepea makaa kwa mfuniko wa sufuria. Alingoja utani wa kila siku, kwamba majerikeni ya siku hizi yanauzwa na mawe ndani yake. Utani haukuja. Mtu aliyezoea kubeba mifuko ya kilo hamsini, miwili kwa mpigo, katika bandari ya Juba tangu alfajiri hadi jioni, alikuwa ameshindwa na plastiki.

"Baba Helen, una nini?"

"Hakuna. Kichwa kimezunguka kidogo tu."

"Dawa umemeza?"

"Nimemeza. Pakiti mbili."

"Mbili? Kabla ya chai?"

"Chai gani, Suzan?" Wani alijaribu kucheka. "Leo tunapakia tishari la kwenda Malakal. Mifuko elfu tatu ya mtama. Pakiti moja ingenifikisha wapi?"

Sukari iliisha tangu Jumapili na unga uliobaki ulikuwa wa mlo mmoja, wa jioni. Hivyo ndivyo walivyoishi watu wa mtaa wa Nyakuron mwaka ule baada ya mapigano ya Julai. Malori yalichomwa moto barabara ya Nimule iletayo chakula kutoka Uganda, bei zikapaa, na familia zilizokuwa zikila mara tatu zikajifunza kula mara moja na kusema zimeshiba. Yeye na Wani walirudi kutoka uhamishoni Uganda wakidhani vita wameviacha nyuma. Vita vikawafuata mpaka jikoni.

Binti yao Helen, mwenye miaka kumi na mitatu, alitokea nyuma ya nyumba ameshika kopo la kumwagia maji chooni. Uso ulikuwa umemshuka.

"Mama, choo cha Baba ni cheusi. Cheusi kama lami. Jana pia kilikuwa hivyo."

"Ni kudra hiyo," Wani akasema palepale mlangoni. "Mboga ya kudra hufanya choo cha mtu kiwe hivyo."

"Kudra tulikula lini, Baba?"

Suzan alitupa mfuniko, akaenda kujionea mwenyewe. Harufu ilimpokea kabla hajafika. Aliifahamu, ni ya damu. Akasimama pale ameshika ukuta wa mabati, na kitu cha kwanza kilichomjia akilini, Mungu amsamehe, hakikuwa mumewe. Ilikuwa ni meza yake ya dawa sokoni.

*

Watu wa soko la Konyo Konyo hawahitaji kuelezwa pakiti ya mgongo ni nini, lakini wewe wa mbali nitakueleza. Ni kifuko cha plastiki, kidogo kuliko kiganja, chenye vidonge vitatu ndani. Kimoja cha pinki, ambacho ni diklofenaki. Kimoja cha kahawia, ibuprofeni. Na kimoja kidogo cheupe, prednisoloni, ambacho humfanya mtu ajione amezaliwa upya. Suzan ndiye aliyekuwa akizifunga pakiti hizo na kuziuza mezani pake, na wachukuzi wa bandarini hawakununua kwa mwingine. Ukimeza pakiti ya Mama Helen asubuhi, walisema, mgongo unakuwa wa mtu mwingine mpaka jioni.

Alianza na cha pinki peke yake. Wanaume wakalalamika kwamba kinaisha nguvu saa tano. Akaongeza cha kahawia. Wakalalamika tena, akaongeza kile cheupe. Hapo hawakulalamika tena.

Juu ya kila kifuko alichora jua kwa kalamu. Kazi hiyo alijifunza katika kambi ya wakimbizi ya Adjumani, alikofanya kazi zahanati miaka kumi na moja, kwanza akifagia, baadaye akihesabu vidonge. Mgonjwa asiyejua kusoma alichorewa. Jua maana yake asubuhi, mwezi maana yake usiku. Na kwa dawa hizi za maumivu, chini ya jua ilichorwa sahani. Sista mkuu wa zahanati alikuwa mkali sana juu ya hiyo sahani. "Sahani kwanza, Suzan," alikuwa akisema. "Dawa hizi zikikosa chakula zinakula tumbo lenyewe." Tena kila dawa ilikaa kwenye bahasha yake, na aliyepewa ya pinki hakupewa ya kahawia. Suzan aliyaona hayo kwa macho yake miaka kumi na moja.

Alipofungua meza Konyo Konyo alichora sahani pia. Wiki mbili tu. Wachukuzi walikuwa wakipokea kifuko, wanakigeuza, wanauliza, "Mama, hii sahani iko wapi? Mimi naona picha yake tu." Wengine walicheka. Mmoja alimrudishia pakiti kwa hasira, akamwambia asiwafanyie dhihaka watu wenye njaa. Wateja wakapungua. Basi Suzan akaacha kuchora sahani. Jua akalibakisha.

*

Walimpeleka Wani kwa bodaboda, yeye katikati, dereva mbele, Suzan nyuma akimbana kwa mapaja asianguke, hadi zahanati ndogo iliyo nyuma ya kanisa. Ilikuwa na vitanda vinne, chumba cha maabara, na tabibu mmoja anayeitwa Albino, aliyesomea Uganda. Siku hiyo alikuwa na wagonjwa sitini na macho mekundu ya kukosa usingizi.

Hapakuwa na pazia. Meza ya Albino na benchi la wanaosubiri vilikaribiana kiasi kwamba ukikohoa unapewa pole na watu kumi. Wa tatu kwenye benchi alikuwa mke wa Loku, kiongozi wa wachukuzi, mteja mkubwa wa Suzan kuliko wote.

"Anaumwa nini?"

"Tumbo linamkata," Suzan akasema. "Na mgongo. Na kizunguzungu."

"Choo je, mzee?"

Wani aliwatazama wanawake wa benchini. "Cha kawaida."

"Amemeza dawa yoyote?"

Mwezi uliopita askari wa baraza la mji walimwaga mtaroni meza tatu za dawa, na mwenye meza mmoja akalala mahabusu siku nne. Suzan hakuwa na leseni, hakuwa na cheti, alikuwa na kalamu na kumbukumbu ya kambini. Na lile benchi lilikuwa kimya, masikio yamesimama. Neno moja tu, na kabla ya saa sita Konyo Konyo nzima ingejua kwamba dawa za Mama Helen zimemwangusha mume wake mwenyewe.

"Panadol tu," akasema.

"Panadol peke yake?"

"Peke yake."

Albino akamgeukia Wani. "Ni kweli, mzee?"

Wani alimtazama mkewe. Alijua vizuri kilichomo kwenye pakiti, kwa sababu jioni alimsaidia kuzifunga, kwa vile vidole vyake vinene vinavyoangusha vidonge, huku Helen akimcheka. "Panadol," akasema.

"Haya. Nitampima malaria. Kwanza tumtulize maumivu." Albino akachukua kichupa cha sindano, akakivunja shingo, akaanza kuvuta dawa. Kile kichupa alikiweka mezani, mbele kabisa ya Suzan, maandishi yakimtazama. Herufi ndogo za bluu. Diklofenaki.

Ilikuwa dawa ileile. Zilikuwamo mbili tumboni mwa Wani tangu asubuhi, pamoja na kahawia mbili na nyeupe mbili, na chini yake hakuna hata tonge.

"Daktari," Suzan akasema.

"Ndiyo, Mama?"

Benchi zima likainua macho. Mke wa Loku akasogea mbele kidogo. Suzan alifungua mdomo, na neno lilikuwapo, lilikuwa pale kwenye ulimi, na yeye akalimeza.

"Hiyo sindano itamuuma?"

Wanawake wakacheka. Hata Albino alitabasamu. "Mzee anabeba magunia, Mama, ataogopa sindano?" Akamchoma.

*

Saa sita na nusu Wani aliomba beseni. Kilichotoka kwanza kilikuwa cheusi, kama masimbi ya kahawa. Kilichofuata kilikuwa chekundu, na hakikuwa kidogo. Suzan alishika beseni kwa mikono miwili, likawa zito. Albino alikuja mbio, akamvuta Wani kope la chini kwa kidole, na ndani ya kope mlikuwa mweupe kama karatasi.

"Huyu anavuja damu tumboni," akasema. "Mama, tafuta watu wa kumtolea damu. Watatu, wanne. Sasa hivi."

"Nitoe mimi."

Natalina, mama wa maabara mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimpima haraka, akatikisa kichwa. Kundi lake haliendi na la mumewe. Helen alikuwa mdogo mno. Ndugu wa Wani walikuwa wamerudi Uganda kambini tangu Julai. Albino alipiga simu hospitalini huku na huku, na kila alikopiga aliambiwa hivyohivyo, alete watu wake. Damu Juba ni ya jamaa. Huna jamaa, huna damu. Suzan akampigia Loku.

Walikuja tisa. Walitoka bandarini kwa miguu, wengine wakikimbia, vumbi la magunia ya mtama limewakaa kwenye nyusi. Msimamizi alikuwa amewaambia kwamba atakayeondoka asirudi kudai ujira wa siku. Wakaondoka.

"Sisi yote tumekuja, Mama," Loku alisema, mtu wa miraba minne, shingo nene. "Wani ni mtu yetu. Chukua damu, chukua hata ndoo."

Suzan alisimama pembeni ya mlango wa maabara, lile beseni bado mikononi kwa kuwa hakujua aliweke wapi, akamtazama Natalina akiwachoma vidole mmoja mmoja kupima wingi wa damu yao.

"Tisa," Natalina alisema kwa wa kwanza. "Haitoshi. Anayefuata."

Wa pili. "Nane na nusu. Hapana."

Wa tatu alikuwa Swaka, mpole, hasemi isipokuwa ameulizwa. "Nane. Pole, baba. Anayefuata."

Loku alisukuma wenzake, akanyoosha kidole kama bastola. Natalina alisubiri mashine, akaitazama, akamtazama yeye. "Saba."

"Saba ni mzuri?"

"Saba ni wewe mwenyewe kulazwa ukaongezwe damu, baba."

"Mashine yako imeharibika, Mama. Mimi jana nimebeba mifuko mia moja! Pima tena."

Akampima tena. Saba. Wanaume wanane walipita mbele ya ile mashine, wanane walirudishwa, wakabaki wamesimama uani wakinyonya vidole vyao, wameaibika kama watu waliopimwa uanaume wakaonekana hawana.

Natalina alivua miwani. "Nyinyi mnakula nini?"

"Sisi tunabeba chakula," mmoja akajibu. "Kula ni ya wengine." Wakacheka kidogo, cheko la kuficha.

"Njaa naijua. Malaria naijua. Lakini watu wanane mfululizo?" Akamwita Albino.

Albino alikuja, akasoma zile namba, akazisoma tena. Kisha akauliza mbele ya wote, mbele ya wanawake wa benchini, jambo ambalo mwanaume mzima haulizwi hadharani. "Choo chenu ni cha rangi gani?"

Walitazama miguu yao. Loku alikunja uso kana kwamba atapigana. Aliyejibu ni Swaka.

"Nyeusi."

"Tangu lini?"

"Siku mingi. Mimi nilifikiri ni uzee."

Yule wa kwanza akainua kichwa. "Na wewe? Yangu pia ni nyeusi."

"Yangu pia," akasema mwingine.

"Mnameza nini?" Albino akauliza. "Nyote. Kitu gani mnachomeza nyote?"

Na hapo, ndugu msomaji, hakuna aliyejibu. Loku alimtupia Suzan jicho moja la haraka, kisha akalitazama paa. Swaka alifunga mdomo. Walikuwa wakimficha. Wanaume wanane wasio na damu mwilini walimficha mwuza dawa wao, kwa sababu akikamatwa, kesho mgongo utabebwa na nini?

Suzan aliweka beseni chini. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa pakiti moja, akaiweka kwenye meza ya Natalina, jua likiangalia juu.

"Ni mimi," akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, sauti ya sokoni. "Nimewapa mimi. Diklofenaki, ibuprofeni na prednisoloni, zote pamoja, tumbo tupu. Kila siku. Baba Helen alimeza pakiti mbili asubuhi. Na ile sindano, daktari. Niliisoma. Najua kusoma. Niliona jina, nikanyamaza."

Albino alikaa chini taratibu. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Uliona."

"Niliona."

"Nilikuuliza, Mama. Mara mbili."

"Uliniuliza."

"Neno moja tu," alisema, kisha akajifuta uso kwa mikono yote miwili, kwa maana sindano aliichoma yeye.

Suzan akawageukia wachukuzi. Alikuwa akilia sasa, na hakujifuta. "Msimeze tena. Zinatoboa tumbo. Mtu humeza moja, si tatu, na hula kwanza. Kulikuwa na sahani! Mnakumbuka ile sahani chini ya jua? Ndiyo maana yake. Mlinicheka, nikaiacha. Laiti nisingeiacha."

"Sahani," Loku akasema polepole.

"Hata ukila," Albino akaongeza, "hizi tatu kwa pamoja zitakuua. Sikilizeni. Hata mkila."

"Kama sisi hapana meza, daktari," Loku aliuliza, tena kwa adabu, "mfuko utabebwa na nani?"



*

Nilisema walikuja tisa. Wa tisa, Mogga, alibaki langoni, ameegemea ukuta, hakuingia kwenye foleni. Natalina ndiye aliyemwona. "Na yule kule?"

Suzan alimwona pia. Miezi mitatu nyuma, pakiti moja ilipotea mezani pake, na aliyekuwa amesimama karibu ni Mogga. Suzan alimkamata shati mbele ya soko zima, akamwita mwizi, akamgeuza mifuko nje, watu wakazomea. Mogga hakukutwa na kitu. Aliondoka shati limechanika, na hakununua tena kwake wala kwa mwingine. Alibeba mifuko yake na mgongo wake, akiuma meno.

Suzan alimfuata mpaka langoni. Alipiga magoti kwenye kokoto.

"Mogga. Ndugu yangu."

"Mimi kwako ni mwizi, Mama Helen."

"Pakiti niliikuta. Ilikuwa chini ya kitambaa cha meza."

Mogga alimtazama. "Uliikuta lini?"

Angeweza kusema jana. Angeweza kusema wiki iliyopita. Lakini siku ile alikuwa amechoka kusema uongo. "Siku ileile. Kabla jua halijazama."

"Miezi tatu," Mogga alisema. "Watoto wangu wanaitwa watoto wa mwizi miezi tatu. Na wewe unajua."

"Najua. Nilijua. Nitasema mbele ya soko, nitasema kanisani, popote unapotaka. Mtolee damu, Mogga. Usinitolee mimi. Mtolee yeye."

Mogga alitema mate pembeni, mbali na alipopiga magoti Suzan. "Mimi nimekuja kwa Wani," alisema. "Nilikuwa nangoja tu uniite na jina yangu." Akapita, akakunja mkono wa shati.

"Kumi na nne," Natalina akaita kutoka ndani, kama mtu aliyeokota fedha. "Na kundi linakubali!"

Mfuko mmoja. Albino alitaka mitatu, akapata mmoja. Ulining'inizwa kwenye msumari juu ya kitanda, na Suzan alikaa chini yake akitazama matone, akiyasukuma kwa macho. Wachukuzi waliingia mitaani kutafuta jamaa wengine, majirani, mtu yeyote, na watu waliogopa, maana mwaka ule mtu akigongewa mlango na wanaume wanane wanaodai damu hufunga kwa komeo.

Saa kumi Wani alifungua macho.

"Nimesikia ukiwaambia," alisema.

"Umesikia?"

"Nani hakusikia? Ulipiga kelele kama uko mnadani." Alitaka kucheka, midomo ikakataa. "Meza sasa imekwisha, Suzan."

"Achana na meza."

"Sasa Helen atakula nini?"

"Atakula. Nyamaza, usichoke."

"Mimi pia niliisoma," Wani akasema.

Suzan aliinama. Mumewe hakujua kusoma. "Uliisoma nini?"

"Uso wako. Ulipokishika kile kichupa kwa macho. Nikajua si nzuri." Alipumua kidogo. "Nikaona umenyamaza, basi na mimi nikanyamaza."

Mkono wake ulikuwa baridi kama wa mtu aliyetoka mtoni. Suzan aliuweka shavuni, akaubana pale, akamwambia samahani, akamwambia tena, kwa Kibari, lugha waliyotumia walipokuwa wawili tu. Sijui alisikia zipi. Mfuko uliisha kabla ya saa kumi na moja, na hapakuwa na wa pili. Jua lilikuwa bado liko juu ya mabati ya kanisa Wani alipoacha kupumua.

*

Walimzika kesho yake nyumbani, Nyakuron, kando ya nyumba aliyoijenga. Ilikuwa kiangazi, na ardhi ya pale ni kokoto tupu. Wachukuzi walichimba tangu kulipokucha. Wanaume wasio na damu walichimba kaburi la mwenzao, sepetu kumi, wanakaa, sepetu kumi, wanakaa, wameshika viuno. Sehemu kubwa alichimba Mogga. Wakati wa maombi Suzan alisimama, akasema mbele ya watu wote kwamba Mogga hakuiba, na kwamba yeye alilijua hilo siku zote. Watu walishusha macho. Mogga aliendelea kusawazisha udongo.

Msimamizi wa bandari, kwa huruma, alileta mfuko mmoja uliopasuka, mtama wa Malakal. Wanawake wa kanisa walileta maharagwe, kila nyumba kikombe kimoja. Kwa hiyo siku ile, saa saba mchana, watu walikula. Wachukuzi walikaa kwenye kivuli cha nyumba, Helen akawagawia sahani, wakala bila kuzungumza mpaka mwisho, wakafuta sahani kwa vidole.

Suzan alikuwa kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa. Alimwona Loku akija. Alikuja ameinama, mkono mmoja kiunoni, mwingine nyuma ya mgongo, na nyuma yake Swaka, na nyuma ya Swaka wale wengine. Mogga peke yake alibaki kaburini. Suzan alidhani wamekuja kuaga.

Loku alichuchumaa mbele yake kwa shida. "Mama Helen. Malesh, pole sana. Mungu akupe nguvu."

"Asante, Loku."

"Sisi tunarudi kazini sasa. Tishari inaondoka kesho. Mifuko elfu moja imebaki." Alijikanda kiuno. "Na kaburi imetuvunja mgongo."

Suzan hakuelewa. Kisha akaelewa. "Loku," alisema. "Hukunisikia jana? Hukumsikia daktari?"

"Nimesikia. Sisi yote tumesikia vizuri."

Akautoa ule mkono uliokuwa nyuma. Alikuwa ameshika sahani yake, tupu, imefutwa ikang'aa, na akaishikilia mbele ya Suzan kwa mikono miwili ili aione.

"Ulisema kula kwanza," Loku akasema. "Leo tumekula, Mama. Sasa tupe pakiti."

Nyuma yake wale wengine nao wakainua sahani zao.